Niliambiwa Nina Kaswende, Nikaambiwa Nirudi na Mume

Kuna maneno ambayo mwanamke mwenye ndoa yake hategemei kuyasikia akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki na mkoba mapajani. Mimi niliyasikia Machi 2018, hapa hapa Mwanza, mimba ikiwa na wiki 14. Aliyeniambia wala hakuacha kuandika.

"Mama, kipimo cha kaswende kimesoma. Mume yuko wapi?"

Mwenzenu nikacheka. Kweli tena, nilicheka kwa sauti mpaka mama wa pembeni akageuka. Kaswende kwangu lilikuwa neno la mabango yaliyopauka kwenye kuta za zahanati, ugonjwa wa watu wa enzi za babu. Mimi nauza vitenge Makoroboi, nimefunga ndoa kanisani, namba ya siri ya simu ya mume wangu naijua kama ninavyoijua yangu. Nikamwambia, "Sista, hebu angalia vizuri, labda umechanganya damu za watu."

Hakukasirika. Akanionyesha kile kipande cha plastiki alichodondoshea tone la damu ya kidole changu kama dakika 20 kabla. Mistari miwili. Akasema damu nyingine ataituma maabara wapime kipimo kinachoitwa RPR, ambacho chenyewe hutoa namba na kuonyesha kama ugonjwa uko hai, ila dawa nitaanza leo leo, hatungoji majibu. Halafu akauliza swali ambalo lilikimaliza kicheko changu chote.

"Umewahi kupoteza mimba?"

Nilikuwa nimepoteza, mwaka 2016. Miezi saba, mtoto wa kike, alizaliwa kimya. Sitaki kuliandika sana hilo, wanaojua wanajua. Ninachotaka mjue ni kilichofuata. Mama mkwe alisema kuna mkono wa mtu. Tukachanga hela, tukaenda kwa mtaalamu, akachinjwa mbuzi, na tukaambiwa aliyefanya hivyo ni mwanamke wa karibu aliyelisifia tumbo langu. Nilimjua mara moja. Ni jirani yetu, mama mmoja mpole mwenye mdomo wa kusifia kila kitu, kuanzia mchicha wako mpaka pazia lako. Nilikaa miaka miwili simsalimii.

Sasa huyu nesi ananiambia, taratibu kabisa, kwamba kaswende ya mama huweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumuua mtoto tumboni, na mama mwenyewe asihisi hata kuumwa kichwa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni hii?"

"Sijui, mama. Hatukukupima wakati ule. Lakini safari hii tunajua."

Sindano nene

Nilitegemea vidonge. Sisi watoto wa mjini tumezoea vidonge. Ukikohoa unaenda duka la dawa unataja mwenyewe: nipe amoksilini, nipe sipro, nipe flajili, na muuzaji anakukatia nusu karatasi kama hela haitoshi. Nikamwomba sista aniandikie kitu nikanywe nyumbani. Akatikisa kichwa.

"Kwa mjamzito mwenye kaswende dawa ni moja. Benzathini penisilini. Ni chaguo la kwanza, na la pili hatuna."

Baadaye ndiyo nilielewa uzito wa sentensi ile. Mjue kila ugonjwa una dawa yake ya chaguo la kwanza, ile ambayo mwongozo wa tiba unamwambia mtabibu aanze nayo kwa sababu imepimwa ikaonekana ndiyo inayoponya. Kwa mtu asiye na mimba ambaye penisilini inamdhuru, kuna doksisaiklini, kidonge kutwa mara mbili kwa wiki mbili au zaidi. Mjamzito haruhusiwi. Kuna erithromaisini na azithromaisini, lakini hizo humtibu mama tu, hazivuki vya kutosha kumfikia mtoto. Na hiyo azithromaisini, sehemu nyingi duniani kimelea cha kaswende kimeshaizoea, haikisumbui tena. Penisilini bado inakiua kama ilivyokiua mwaka 1943, pale Marekani walipomtibu nayo mgonjwa wa kaswende kwa mara ya kwanza.

Linganisha na malaria, ugonjwa tunaoujua wote. Nikiwa mdogo tulimeza klorokwini, na wa umri wangu mnakumbuka ule muwasho, unajikuna nyayo usiku kucha. Mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaja SP. Haikukaa hata miaka kumi. Kufikia 2007 tukawa kwenye dawa mseto, na SP ikabaki kuwa ile ya kukinga malaria tunayomezeshwa wajawazito mbele ya nesi. Chaguo la kwanza limebadilika mara mbili mbele ya macho yangu. La kaswende limemkuta bibi yangu, likamkuta mama, likanikuta mimi.

Yenyewe inakuja kama unga mweupe ndani ya kichupa. Sista alichanganya na maji, akatikisa, ikawa nyeupe nzito kama maziwa ya kopo. Sindano yake nene, maana nyembamba inaziba. Uniti milioni 2.4, nusu tako la kulia, nusu la kushoto. Aliniuliza kwanza kama penisilini imewahi kunidhuru, akanieleza pia kwamba usiku naweza kupata homa na kutetemeka, ni vimelea vinakufa, ila nikisikia tumbo linabana nikimbie hospitali. Homa sikupata. Matako, jamani! Kwenye daladala nilisimama mpaka Igoma na kiti kilikuwepo.

Nilimuuliza kwa nini isiwe sindano ya kawaida. Akasema kimelea hiki ni mvivu wa kuzaliana, kinachukua zaidi ya siku nzima kujigawa mara moja, na penisilini inakikamata kinapojigawa. Dawa ya kuingia asubuhi na kutoka jioni ingekikuta kimelala. Hii inajikusanya kwenye msuli halafu inavuja kidogo kidogo kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa hatukujua ugonjwa nimekaa nao tangu lini, nilihitaji tatu, moja kila wiki, na nikichelewa huenda tukaanza upya.

"Na mumeo naye tatu," akasema. "Usipomleta nitakuwa namwaga maji kwenye gunia."

"Mimi siumwi"

Mume wangu namwita Baba Nanii hapa, jina tuliache. Nilimsubiri ale kwanza. Mama alinifundisha usimpe mwanaume habari mbaya kabla ya ugali. Akala, akanawa, nikamwekea karatasi ya kliniki mezani.

Alisoma, akanyamaza, akasoma tena. Halafu akafanya nilichokuwa nakiogopa. "Na yule wako wa Musoma je?"

Nilikuwa na mchumba Musoma kabla yake, ndiyo, na alijua, nilimwambia mwenyewe wakati wa uchumba kwa sababu nilidhani wapenzi huambiana. Kumbe alikiweka kile kitu kwenye kibubu akisubiri siku ya kukivunja. Na mimi nikavunja cha kwangu: zile safari za Geita, ile meseji ya 2017, yote. Tulitukanana kwa sauti ya chini kwa sababu mama mkwe alikuwa chumba cha pili.

Mkitaka kujua, kipimo hakisemi nani alianza. Nilimuuliza sista wiki iliyofuata, nikamuuliza daktari, nikauliza tena kwa kuzunguka. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka na miaka bila dalili yoyote. Damu yetu wote wawili ilisoma, na damu haina tarehe.

Siku ya pili yake akasema, "Haya, mimi siumwi, lakini kama ni dawa nitameza azithromaisini, kuna jamaa duka la dawa ananipa." Nikamwambia jamaa wa duka la dawa hana mimba ya wiki 14. Akasema sindano ya matako ni ya watoto. Nikasema sawa. Nikabeba godoro dogo nikalala sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa sikumwekea maji ya kuoga.

Alikwenda siku ya tatu. Hakuniambia. Nilijua aliporudi jioni akichechemea, akakataa kukaa, akala wali wake amesimama dirishani kama mlinzi wa benki. Nilicheka, naye akacheka, halafu wote tukakumbuka tumegombana tukanyamaza.

Zile wiki za sindano tuliishi kama kaka na dada. Sista alisema hakuna tendo mpaka wote wawili tumalize, na kwa kweli hata angeruhusu nisingeweza. Ila kuna kitu kinatokea mkiondolewa lile jambo kitandani. Mnabaki na mdomo. Usiku wa sindano yake ya pili, taa imezimwa, akaanza kuongea mwenyewe.

Alisema mwaka 2013, kabla hatujajuana, alikuwa Geita anaendesha lori la kubeba mchanga wa mawe. Alipata kidonda kimoja sehemu ile. Hakikuuma, na hilo ndilo lililomdanganya. Akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya rangi mbili vya shilingi elfu mbili, akameza siku tatu, kidonda kikakauka. Akajua amepona. Miaka yote ile aliamini vile vidonge ni kiboko, hata rafiki zake aliwaelekeza.

Nilikuja kumweleza nilichoambiwa kliniki: kile kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, na hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita hata ukipaka mate. Kinaondoka, ugonjwa unabaki unaingia ndani. Vile vidonge vilipewa sifa ya kazi ambayo ngozi ilifanya peke yake. Ningependa watu wote wanaotibiwa kaunta walijue hili, maana dalili kwisha na ugonjwa kwisha kwenye kaswende ni vitu viwili tofauti kabisa, na kati yake kuna watoto.

Sasa mimi nikapiga hesabu. Kwa tendo la ndoa kaswende huambukiza zaidi mwaka wa kwanza, hadi wa pili. Kidonda 2013. Tumejuana 2014. Ndoa 2015. Mtoto wetu 2016. Hesabu inakubali. Inakubali vizuri mno, na hapo ndipo moyo wangu unapokwama, kwa sababu 2013 ni mwaka mzuri sana kwa mwanaume kusema. Uko kabla yangu. Hakuna niliyekosewa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mke wangu, ningekuwa naongopa ningesema sijui." Nimeligeuza jibu hilo miaka mingi na bado sijajua kama ni la mtu mkweli au la mtu mwerevu.

Kadi ya zamani

Nilipokwenda kwa sindano ya tatu sista aliniomba nilete kadi ya mimba ya kwanza kama ninayo. Ninayo. Mwanamke hatupi kadi ile. Ilikuwa chini ya sanduku, ndani ya mfuko pamoja na kofia ya kitoto ya kusuka.

Nilikuwa nimeanza kliniki nikiwa na miezi sita, kwa ushauri wa mama mkwe kwamba mimba changa haitangazwi. Wingi wa damu umejazwa. Virusi vya Ukimwi, umejazwa. Presha, uzito, chanjo ya pepopunda, vyote. Mahali pa kaswende hapana kitu. Wala si kistari. Nafasi nyeupe.

Nikakumbuka siku ile. Yule wa kituo kile cha zamani, nisichokitaja, alisema vipimo vimeisha, nirudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikuwa nafunga mzigo wa vitenge. Sikurudi kwa hilo, na yeye hakuniuliza. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya, hata mimi.

Sista aliishika kadi muda mrefu. Ndipo akaniambia kuhusu utafiti uliofanywa hapa hapa Mwanza na matokeo yake kutolewa mwaka 2002. Akina mama waliokuwa na kaswende kali hai bila kutibiwa, karibu robo yao walizaa mtoto aliyekwishafariki. Na wale waliopimwa, wakachomwa benzathini penisilini, hata dozi moja tu, mimba zao ziliisha sawasawa na za wanawake wasio na ugonjwa kabisa. Sindano ambayo bei yake haifiki hata doti ya kitenge changu cha kawaida.

Akaongeza jambo lililonikera mpaka leo. Kati ya 2014 na 2016 dawa hii iliadimika katika nchi nyingi duniani, kwa kuwa ni ya zamani, ni ya bei ndogo, na viwanda vinavyoihangaikia ni vichache. Yaani dawa inayofanya kazi kuliko zote ndiyo isiyo na mtu wa kuipigia debe. Mimi mfanyabiashara naelewa. Kitenge kisicho na faida hata mimi sikileti. Lakini kile ni kitenge.

Jioni hiyo niliiweka kadi mbele ya mume wangu, nikamwonyesha ile nafasi nyeupe kwa kidole. Hakusema neno. Alitoka nje akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka giza likaingia. Kwa mara ya kwanza tangu 2016 tulimlilia mtoto yule pamoja. Mwanzo kila mtu alikuwa amemlilia na ndugu zake.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa Septemba 2018, kilo 3.1, anapiga kelele kama konda wa daladala. Walimchunguza, wakamfuatilia, mzima. Mwaka uliofuata nilimpelekea yule jirani doti ya kitenge, ile yenye maua ya bluu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisifia, kama kawaida yake. "Shukrani ya nini mwanangu?" Nilifungua mdomo nikasema ya sikukuu. Haikuwa sikukuu.

Mwaka 2022 nikapata mimba tena. Kituo kingine, nesi mwingine, binti mdogo mdogo. Tone la damu, dakika 20, mistari miwili. Nililijua hilo litatokea, maana kile kipimo cha haraka kinaweza kusoma maisha yako yote hata ukiwa umepona. RPR ndiyo inayoonyesha kama namba imeshuka, na yangu ilikuwa imeshuka. Lakini kujua ni kitu kingine na macho ya binti wa watu yakikuangalia kwa huruma ni kitu kingine. Alishusha sauti akaanza, "Mama, sijui nikuambieje, baba yuko wapi..."

Baba alikuwa amekaa pembeni yangu. Hajakosa kliniki hata moja safari hiyo, na wenzake wanamtania eti naye ana mimba. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi zetu za 2018, zimekunjwa mara nne, amezitia kwenye plastiki zisilowe. Akamwambia, "Dada yangu, tulichomwa sindano tatu tatu, mimi na mama. Tarehe zote zipo hapo. Mpime RPR."

Yule binti akazisoma moja moja. Mimi nikawa naangalia mikono ya mume wangu juu ya meza, nikaikumbuka 2013, kama ninavyoikumbuka siku nyingine nikiwa naosha vyombo. Binti akaandika kwenye kadi, mahali pa kaswende, mstari mzima mpaka nafasi ikajaa na maneno mengine yakapanda pembeni.